Aliomba Muda, Akapewa Rehema
Andiko: Mathayo 18:21-35

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikifika kwenye mfano huu lazima nipige hesabu.

Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Yule mtumwa alidaiwa talanta 10,000, yaani dinari milioni 60. Tuseme kibarua wetu analipwa shilingi 500 kwa siku: hiyo ni bilioni 30! Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, na asile hata senti moja, atamaliza kulipa baada ya miaka 200,000.

Sasa sikiza ombi lake. Alianguka chini, akamsihi mfalme amvumilie, akaahidi kulipa yote. Yote? Kwa mshahara gani? Magoti yalikuwa chini lakini moyo ulikuwa bado umesimama. Aliomba muda tu. Mfalme akamhurumia, akafuta deni lote.

Na sisi huomba hivyo hivyo. Bwana, nivumilie, mwezi ujao nitafunga, nitatoa, nitakuwa mtu mzuri. Kufunga ni vizuri, na kutoa utoe. Lakini dhambi hailipwi pole pole kama kochi la dukani. Kunyenyekea ni kukubali kwamba huwezi kulipa. Mimi naona huyu mtumwa hakukubali. Alitoka pale amesamehewa, lakini akilini bado alikuwa mtu wa kutafuta pesa. Alipomwona mwenzake wa dinari 100, akamkaba koo.

Na dinari 100 si pesa kidogo. Kwa hesabu yetu ni 50,000. Kuna mtu hapa alimdhamini mwenzake kwa mkopo, mwenzake akazima simu, na sasa ni yeye anakatwa kila mwisho wa mwezi. Inauma! Yesu hakusema deni hilo ni sufuri. Alilitaja, kisha akaliweka kando ya lile lako. Ni sehemu moja kwa 600,000.

Utaniuliza, "Pasta, kwa hivyo nisidai?" Kudai si dhambi, na aliyekopa anapaswa kulipa. Lakini koo la ndugu yako liachilie leo. Usimwanike kwenye WhatsApp ya chama. Mpigie, na umuulize kwanza anaendeleaje. Ukifika mahali unaona kweli hana, kumbuka hata wewe hukuwa nazo mbele za Mfalme.

Nawe uliyezima simu, iwashe. Unyenyekevu ni wako pia.

Tuombe: Baba, hatuwezi kulipa. Tumekubali. Asante kwa rehema yako. Mikono yetu iliyokaza, ilegeze wiki hii. Kwa jina la Yesu, Amina.