Moyo Ukichafuka

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaenda kuteka petroli. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Mara picha za sinema za walioungua zikaenea katika simu. Nasi tulizitazama, na chakula kikatushinda.

Je, kichefuchefu kile kilikuwa udhaifu? Twasema sivyo. Mtu atakaye kutapika husema, "Moyo wanichafuka." Anena habari za tumbo, lakini ataja moyo, maana mwili umetambua ya kuwa yule aliye motoni ni ndugu. Yatupasa kumwogopea zaidi yule atazamaye mara ya kumi asitikisike.

Lakini picha ile yamfaa nani? Majeruhi, ambao wengine walipelekwa hata Muhimbili, walihitaji damu na wauguzi, si watazamaji. Na mama akaaye juu Uluguru, asiyejua bado habari za mwanawe, je, yafaa amwone kwanza katika simu ya jirani?

Basi moyo ukituchafuka, tusimpelekee mwenzetu uchafu ule. Tuizime simu, tuondoke, tukamtafute ahitajiye mkono wetu.