Nuru ya Ghafula na Kazi ya Kesho Yake

Liko swali linalowasumbua Wakristo wengi, nao huona haya kuliuliza mbele ya watu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyebatizwa, asaliye na kusoma Neno siku zote, lakini hajapata hata mara moja saa ile ya kumwona Mungu karibu kama wengine washuhudiavyo, je, yu mbali na Mungu? Na yule aliyeipata saa hiyo, je, amekwisha fika?

Mimi ni mmoja wa waliolichukua swali hili moyoni kwa siku nyingi. Miaka mingi iliyopita nalikuwa nikifundisha katika kijiji kimoja ukingoni mwa Nyanza, si mbali na hapa Usagara. Usiku mmoja, katika mkutano wa sala, mvuvi mmoja aliinuka akitetemeka, akalia machozi, akasema kwamba amefunuliwa upendo wa Mungu, na moyo wake umejaa nuru. Sote tulifurahi, wala sikuwa na shaka kwamba asema kweli. Lakini, nisiwafiche, ndani ya furaha yangu palikuwa na kijicho. Nalijiuliza, mbona mimi mwalimu sijaonyeshwa neno?

Asubuhi yake akanijia mama mmoja mjane, mtu mzima. Mvuvi yule alikuwa amechukua kwake karabai mbili za marehemu mumewe, akaahidi kuzilipa dagaa watakapopatikana. Na miaka miwili ilikuwa imepita. Mama hakusema kwa hasira. Alisema, "Mwalimu, mwanangu, namshukuru Mungu aliyemjia. Ila nataka kujua: alipomjia, hakumtajia karabai zangu?"

Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku ile nimezisoma upya habari za watu waliofunuliwa, nami nimeona jambo ambalo kwanza sikuliona. Eliya alipoisikia sauti ya upole kule Horebu, hakuachwa akae pangoni aifurahie. Alitumwa arudi njia yake, akafanye kazi aliyopewa. Petro alipoona utukufu mlimani alitaka kujenga vibanda ili wakae huko. Kumbe chini ya mlima baba mmoja alikuwa akingoja na mwanawe mgonjwa. Paulo, nuru ilipomwangusha njiani kwenda Dameski, aliuliza afanye nini. Na Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakusimulia jinsi moyo wake ulivyochangamka. Alitaja hesabu ya mali atakayorudisha. Basi, kila ufunuo una kazi nyuma yake. Mungu hamwangazii mtu ili ajitazame, bali apate kuiona njia.

Mambo haya hayakukoma zamani za Mitume. Mwaka 1929 huko Namirembe, Uganda, walikutana watu wawili, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, mganga Mwingereza wa Gahini katika Rwanda. Wote wawili walikuwa na kiu ya Mungu, wakakaa pamoja kusoma Maandiko na kusali. Gahini alikuwako pia mwalimu mwenzetu, Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi. Mwaka 1935 alijitenga siku kadhaa peke yake kwa kusali, na alipotoka watu waliona kwamba amegeuka. Hakuishi siku nyingi baada ya hayo. Alifariki kwa homa mwezi wa Januari 1936. Lakini moto ule ulienea Rwanda na Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ukafika magharibi ya ziwa letu, katika nchi ya Wahaya.

Watu walilia, wengine walitetemeka, wengine waliona ndoto. Na wengi walicheka wakisema ni wazimu. Lakini hata mwenye kucheka alikutana na jambo lililomnyamazisha: watu walikuwa wakirudisha vitu. Aliyeiba alirudisha, mwenye deni alilipa, waliokuwa hawasemezani walipatana, na Mzungu na Mwafrika waliungama makosa yao mmoja kwa mwenziwe. Machozi yaweza kutoka kwa sababu nyingi; lakini mtu hamrudishii jirani mbuzi aliyemwiba mwaka juzi ila amepata kusemeshwa na mtu asiyeweza kumdanganya. Hata hivyo palikuwa na hatari, maana wako waliojivunia saa yao ya kuokoka, wakawaona wengine kuwa si Wakristo kitu.

Wavuvi wetu wataelewa nikisema hivi. Usiku wa giza, mtumbwi ukiwa katikati ya maji, umeme hupiga, na kwa kufumba na kufumbua mvuvi huona mawe, ufuko, na mlango wa ghuba. Kisha giza tena. Je, amefika? La, bado. Lakini sasa ajua upande wa kupigia kasia. Akiweka kasia chini ili kusimulia umeme ulivyong'aa, mawimbi yatamchukua. Na mwenziwe ambaye hakuuona umeme, akifuata nyota na kuvuta kasia kwa bidii, atafika salama.

Wa namna hiyo alikuwako katika nchi zetu hizi. Alexander Mackay, fundi Mskoti, alilazimika kuondoka Buganda mwaka 1887, akaja kukaa Usambiro, upande huu wa kusini wa Nyanza. Askofu Parker alifariki pale pale mwaka 1888, na Mackay mwenyewe homa ilimwua tarehe 8 Februari 1890. Habari zinazokumbukwa za siku zake za Usambiro si njozi: ni kufua chuma, kuchapa vitabu, na kutafsiri Injili kwa Kiganda kwa ajili ya Wakristo aliotengwa nao. Nani atasema kwamba mtu huyo alikuwa mbali na Mungu?

Sasa niwamalizie habari yangu. Mama yule alipoondoka nalivaa viatu nikatoka kwenda kumwonya mvuvi. Njiani miguu ikawa mizito. Nalikumbuka kwamba mimi nami ninaye ndugu ng'ambo ya Busisi, tuliyegombana kwa ajili ya ng'ombe wa mahari ya dada yetu, nami sikukanyaga kwake miaka saba. Nikageuka, nikaenda kivukoni. Sikuona nuru, wala sikusikia sauti. Nalisikia haya tu. Nalimkuta ndugu yangu ameketi mlangoni. Alinitazama sana, kisha akamwita mkewe alete kiti.

Habari za karabai si zangu kuzisimulia; mwenyewe atazisimulia. Lakini nafahamu sasa ya kuwa neno nililokuwa nikilingoja kwa kijicho lilinijia asubuhi ile kwa kinywa cha mjane, nami nilidhani ni mashtaka ya mtu mwingine.

Basi, ndugu, uliyepata saa ya nuru, mshukuru Mungu, kisha uulize alikutajia nini. Nawe usiyeipata, usihuzunike. Tazama kama liko jambo unalolijua tangu zamani, nawe hujalitenda. Labda ndilo analokusemesha.