Msuko Haupangiwi Saa

Mwandishi anaweza kuwa na wahusika, mandhari, hata sentensi ya mwisho, na bado asijue kinachotokea katika riwaya yake. Mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978 aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni (ngumu ajabu, lakini zilishika wino). Sehemu ya alichokitafuta aliipata katika mazimwi wala watu wa ngano za kwao; matajiri wa riwaya hiyo wakavaa sura hiyo. Ratiba haileti jambo kama hilo.

Kwa hiyo wewe mwandishi wa Tuala, kule Kajiado, uliyekwama sura ya sita, funga daftari utembee. Upande huu nyumbu walizoea kutoka mbuga ya Nairobi msimu wa mvua kuelekea nyanda za Kajiado. Leo kuna seng'enge, mawe ya mipaka na vibao vya "shamba haliuzwi". Simama mbele ya kibao kimoja. Nani alikiandika, na ni ndugu yake yupi aliyekwisha kupokea arbuni? Usilazimishe jibu. Msalimu mzee anayechunga mbuzi kando ya ua, umwache aongee ya kwake, hata yakiwa ni bei ya nyasi tu.