Nani Mwenye Jina la Mustang?

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Ford ilikuwa na mpango ambao kwenye karatasi ulionekana wa busara tupu. Gari lake la Mustang, lililozinduliwa Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, lingepata mrithi mwenye injini iliyolazwa kukingama na kuendesha magurudumu ya mbele, kwa ufundi uliotoka Mazda ya Japani, kampuni ambayo Ford ilikuwa na hisa zake tangu 1979. Sababu zilikuwa nzito. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa mwaka 1973 na tena 1979, na sheria ya Marekani ilidai kwamba magari madogo ya kila kampuni yafikie wastani wa maili 27.5 kwa galoni kwa matoleo ya 1985. Gari la kuvutwa kwa mbele halihitaji propela ndefu wala difu ya nyuma, hivyo huwa jepesi na hubakiza nafasi kwa abiria. General Motors nayo ilikuwa na mpango kama huo kwa Camaro na Firebird. Yote miwili ilifutwa. Ule wa GM ulifia ndani ya kampuni. Ule wa Ford ulipotangazwa magazetini mwaka 1987, wapenzi wa Mustang walimwaga barua za kupinga. Gari jipya likaingia sokoni kama Probe, na Mustang ikaachwa iendelee kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Jambo hili linazua swali ambalo wanafalsafa wamelizungushazungusha kwa karne nyingi: je, aliyekibuni kitu, na anayelimiliki jina lake kisheria, anaweza kukosea kuhusu kitu hicho ni nini? Nadai kwamba anaweza, na kwamba Ford ilikosea.

Jibu la haraka ni kwamba jina ni mali. Ford ikibandika nembo ya farasi kwenye jokofu, basi hilo ni jokofu la Mustang, na mjadala umekwisha. Jibu hilo lina nguvu kwa sababu jibu pinzani, la kutafuta utambulisho katika vipande vya gari, halisimami hata kidogo. Plutarch alisimulia juu ya meli ya Theseus ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, na wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Mustang ilipita mtihani huo zaidi ya mara moja. Ile ya kwanza ilijengwa juu ya Falcon, gari la kawaida la familia. Ya 1974 iliazima mengi kutoka Pinto, gari dogo la bei nafuu, na mwaka huo haikuwa hata na injini ya V8. Ya 1979 ilihamia kwenye msingi mwingine kabisa. Hata hivyo watu waliendelea kuiita Mustang, na hiyo ya 1974, ambayo leo wengi wanaidharau, iliuzwa karibu magari 386,000. Iwapo utambulisho ungekuwa katika vipande, Mustang ingekuwa imekufa miaka mingi kabla ya 1987. Na ungekuwa katika nembo peke yake, barua zile zisingekuwa na maana yoyote: watu wangekuwa wanalalamikia rangi ya kibandiko.

Tazama umbo lenyewe. Mustang ina boneti ndefu, nafasi ya abiria iliyosogezwa nyuma, na mkia mfupi. Injini imelala kwa urefu, gia boksi iko nyuma yake, propela inapita chini ya sakafu katikati ya viti, na difu iko kati ya magurudumu ya nyuma. Dereva akikanyaga mafuta, uzito unaegemea nyuma, pua inainuka kidogo, na tairi zinazosukuma ndizo zinazokandamizwa zaidi barabarani. Zile za mbele zimebakiwa na kazi moja, kuelekeza, kwa hiyo nguvu ya injini haiupokonyi mkono usukani. Kwa gari la kuvutwa kwa mbele mambo yanageuka: uzito unazikimbia tairi zinazofanya kazi wakati zinapouhitaji, na kadiri injini inavyokuwa na nguvu ndivyo tairi zinavyoteleza na usukani kuvuta upande. Boneti ile ndefu, basi, inasema kweli. Anayeiona kwa nje anasoma mpangilio wa ndani, na anajua msukumo utamfikia kutoka wapi. Ilaze injini kukingama, na boneti ama itafupishwa ama itabaki ndefu bila sababu. Naona dhati ya kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu imo hapo, katika uhusiano kati ya umbo lake na kazi yake, uhusiano ambao mtumiaji anaufahamu kwa mgongo na viganja vyake. Pinto haikuuvunja, kwa sababu Mustang ya 1974 bado ilikuwa na injini ya kulala kwa urefu na magurudumu ya nyuma ya kusukuma. Mrithi yule angeuvunja.

Kuna atakayesema haya ni mapenzi ya mazoea yaliyovishwa kanzu ya falsafa. Oldsmobile Toronado ya 1966 ilikuwa na V8 ya lita 7 ikiendesha magurudumu ya mbele, na ilisifiwa. Probe nayo ilikuwa gari zuri, hata toleo lake la GT likapewa tuzo ya gari la mwaka 1993 na jarida la Motor Trend. Nakubali yote mawili bila kinyongo, na ninayaona yanaunga mkono hoja yangu. Uzuri wa kitu na utambulisho wake ni mambo mawili. Toronado ilikuja na jina lake, ikajieleza yenyewe, na hakuna aliyehisi ametapeliwa. Probe ilipopewa jina lake ilihukumiwa kwa sifa zake. Waliopinga hawakusema gari hilo lisitengenezwe. Walisema lisiitwe hivyo.

Pingamizi zito zaidi ni la kibiashara: mafuta yalishuka bei sana mwaka 1986, Mustang ya V8 ya lita 5 ikaanza kupendwa upya, na Ford ikafanya hesabu zake. Sina sababu ya kukana. Lakini hesabu hizo zinaeleza kwa nini kampuni ilisikiliza; hazielezi kama waliopiga kelele walikuwa na haki. Hapo namgeukia Plato, ambaye katika kitabu cha kumi cha *Jamhuri* anasema mtengeneza filimbi anapaswa kumwamini mpiga filimbi, kwa maana anayeitumia ndiye anayejua ipi ni nzuri na ipi ni mbovu. Mtengenezaji anajua namna ya kuunda. Mtumiaji anajua kilichoundwa ni cha nini. Wahandisi wa Ford walijua propela inagharimu kiasi gani. Walioendesha walijua ilikuwa inawapa nini.

Je, hii haiwapi watumiaji mamlaka ya kugandisha kila kitu? Ushahidi unakataa. Mwaka 2015 Mustang iliachana na ekseli ngumu ya nyuma, ambayo wengi walikuwa wameitetea kama roho ya gari, na kupewa magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Manung'uniko yalikuwepo, yakaisha, kwa sababu msukumo bado ulitoka kulekule na umbo bado lilisema kweli. Kumbukumbu ya watumiaji pia inachuja. Dodge ililipachika jina la Charger kwenye gari dogo la kuvutwa kwa mbele katika miaka ya 1980, na Mercury ikafanya hivyo kwa Cougar mwaka 1999, na sheria iliruhusu. Charger iliporudi mwaka 2006 ikiwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma, urithi uliotajwa ulikuwa wa miaka ya 1960, na lile dogo likarukwa kama vile halikuwahi kuzaliwa.

Mtihani wa sasa ni mgumu kuliko ule wa 1987. Mustang Mach-E ya umeme, iliyotambulishwa Novemba 2019, katika matoleo yake ya kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na bado ubishi hauishi. Hilo halinishangazi: magurudumu ya nyuma ni sharti, hayatoshi peke yake. Fungua boneti ya Mach-E na utakuta beseni la kuwekea mizigo. Umbo linaahidi injini ambayo haipo. Dodge imekwenda mbali zaidi: Charger yake ya umeme ya 2024 ina mfumo wa kukuza sauti unaotoa mngurumo wa kuigiza ekzosi. Mngurumo wa V8 ulikuwa alama ya kazi inayofanyika, petroli ikiungua silinda baada ya silinda. Huu wa kuigiza haufanyi kazi yoyote wala hautokani na kazi yoyote. Gari la umeme lina ukweli wake, yaani ukimya na nguvu inayofika papo hapo, na kulivika sauti ya marehemu ni kulinyima nafasi ya kujulikana kwa lilivyo.