Kiti cha Chuo au Bomba la Gesi?

Katika mwaka wa 1963 Rwanda ilipata vitu viwili: chuo kikuu huko Butare, na mtambo wa kwanza wa kutoa gesi ya methani katika Ziwa Kivu, uliowekwa Rubona, Nyamyumba, ili gesi hiyo iwake katika kiwanda cha bia cha Bralirwa. Tangu hapo elimu ya ziwa hili ina nyumba mbili, na mtaalamu aliyekwisha kufika nusu ya safari ya kazi yake hutakiwa achague moja.

Wengi hulihukumu jambo hili kwa mshahara: aendaye kampuni ameuza elimu, abakiye chuoni ameihifadhi. Sisi hatukubali. Mtu mwenye watoto wa kulipia karo si msaliti.

Uzito uko penginepo. Katika vilindi vya Kivu mna kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani na 300 za hewa ya ukaa, zilizoshikwa huko na tabaka za maji mazito. Mwaka wa 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, lililo dogo mno mbele ya Kivu, lilitapika hewa hiyo usiku, likaua watu wapatao 1,700. Kwa hiyo maji yaliyokwisha kutolewa gesi hayarudishwi popote tu. Yakirudishwa mahali pasipofaa huweza kuzidhoofisha tabaka zile. Kuyashusha hadi kilindini kwataka bomba refu zaidi, na bomba ni fedha.

Hapo ndipo dhamiri hujaribiwa. Mtaalamu wa kampuni aweza kushauri bomba lishushwe, akasikilizwa siku ile ile. Mwenzake wa chuoni ataandika makala itakayosomwa mwakani. Lakini huyu wa chuoni aweza kuwaambia wavuvi wa sambaza, waendao ziwani usiku na taa zao, yale aliyoyapima. Yule wa kwanza pengine amekwisha kutia sahihi mkataba wa kunyamaza.

Wako watakaotutolea ile methali ya mshika mbili, ambayo sisi walimu twaifundisha kila mwaka. Hapa haifai, kwani kinachoshikwa ni kimoja tu, nacho ni vipimo. Basi kabla ya kutaja mshahara, mtaalamu na aulize: vipimo vitakuwa mali ya nani? Nami nikiona hatari, nitaruhusiwa kumwambia nani? Kampuni ikijibu vema, aende bila haya. Chuo kisicho na hata mashua ya kumfikisha kilindini hakina haki ya kumlaumu. Ikikataa kujibu, abaki alipo, na mshahara wake ule ule.