Ukuta wa Mirerani na Udongo wa Kisarawe

Pale Pugu, njia ya Kisarawe, kuna mapango yaliyojaa popo. Wageni hudhani ni ya asili. Siyo. Yalichimbwa na watu waliofuata kaolini, ule udongo mweupe unaotengenezewa vyombo vya kauri na karatasi. Nikipita pale huikumbuka Mirerani, mji wa machimbo ya tanzanaiti.

Mwaka 1967 Jumanne Ngoma aliona mawe ya buluu huko Mirerani, katika nyika ya Simanjiro, mwendo wa saa chache tu hadi mpaka wa Kenya. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikayapa jina la nchi yetu, tanzanaiti, ikayatangaza ulimwenguni. Jina likawa letu, biashara ikawa ya wengine. Jiwe hilo halichimbwi popote duniani ila Mirerani, lakini mengi yalikatwa na kung'arishwa Jaipur, India, na mengi yalivuka mpaka mifukoni kwenda kuuzwa Nairobi. Mirerani ikabaki na mashimo. Wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, walishuka wakiwa na kamba na tochi. Watoto waliopenyezwa mahali pembamba wakaitwa nyoka. Mvua za 1998 zikajaza migodi, makumi ya watu wakafia chini. Mwaka 2008 msiba ukarudi.

Ukuta wa kilomita 24.5 kuizunguka migodi hiyo, wa kuzuia utoroshaji, ulizinduliwa Aprili 2018. Siku hiyo Mzee Ngoma akapewa shilingi milioni 100, baada ya miaka 51, naye tayari anaumwa. Januari iliyofuata akafariki. Ndani ya ukuta huohuo, Juni 2020, Saniniu Laizer akaiuzia Serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Kumbe iliwezekana mali kuuzwa nyumbani! Ni nani atakayewarudishia wana Simanjiro nusu karne ile?

Nauliza kwa sababu huku kwetu Pwani malori ya mchanga hayalali, Dar es Salaam inajengwa. Mkuranga na Chalinze wamepata viwanda vya vigae, udongo unaondoka ukiwa bidhaa. Hiyo ndiyo njia. Wazee wangu wa Kisarawe, ndugu zangu wa Kibaha, kabla hamjatia saini ya kuuza shamba lenye mchanga au udongo, ulizeni mambo mawili na mjibiwe kwa maandishi: mali hii itasindikwa wapi, na shimo atalifukia nani?