Deni la Valvu

Tangu Januari 2006 magari ya Kenya hayauziwi tena petroli yenye risasi. Mwenye Morris Minor anayepanda nayo kutoka Fort Ternan kwenda Kericho, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, aliangukiwa na gharama ambayo hakuwahi kuifikiria. Katika injini ya aina hiyo siti za valvu zimechongwa kwenye silinda hedi yenyewe, nayo ni ya chuma cha kusubu. Valvu ya kutolea moshi hupata joto kali mno, na kila inapojifunga, vyuma viwili hutaka kugandana. Inapofunguka hubandua chembe za siti. Zamani risasi iliyoungua iliacha utando mwembamba kati ya vyuma hivyo. Utando ukikosekana, na injini ikibeba mzigo mlimani, siti hulika, valvu huzama, nafasi ya tapeti hupotea, mgandamizo huvuja, na mwishowe valvu huungua. Dawa yake inajulikana: fundi hukereza siti za zamani, akashindilia pete za chuma kigumu, akafunga valvu zinazostahimili joto. Kazi hiyo ina bei.

Je, ni haki bei hiyo imwangukie mwenye gari, ambaye hakutunga petroli wala hakuulizwa? Naamini ni haki, na tena naamini hana hatia. Mambo haya mawili hayapingani. Sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka inaeleza sheria ambayo wafugaji wa Kericho na Bomet hawahitaji kufafanuliwa: ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe ambaye hakuwahi kuonywa hahukumiwi, lakini ng'ombe anauawa na nyama yake hailiwi. Anatoka bila lawama, na anatoka bila ng'ombe. Aliyeonywa akapuuza ndiye mwenye kosa. Sheria hiyo inatenganisha hatia na hasara, nasi tukizichanganya tutamlaumu bure mwenye gari au tutamwachia mtoto anayevuta moshi wa magari mzigo wote. Maana utando ule ulikuwa na mlipaji. Risasi iliyolinda siti ilitoka kwenye ekzosi, ikaingia vifuani na kwenye udongo wa kando ya barabara, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. Ni elementi, haiozi. Pete za chuma zinanunulika. Akili ya mtoto iliyopunguzwa na risasi hairudishwi na fundi yeyote.

Atasema mtu kwamba gari moja kati ya mashamba ya chai halikumdhuru yeyote, na kwamba moshi wa kuogopa ulikuwa wa Nairobi. Ni kweli kwamba palipo na magari mengi ndipo palipo na madhara mengi. Lakini petroli yenye risasi iliyouzwa milimani ndiyo iliyouzwa jijini pia. Kuibakiza kwa ajili ya injini za milimani kungekuwa kuibakiza kwa wote, na mtoto wa kando ya barabara ya jiji angeendelea kulipia valvu za Fort Ternan.

Pingamizi zito zaidi ni hili: walioonywa walikuwa wengine, nao waliondoka na faida. Hapa sina la kuwatetea. Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua mwaka 1921 kwamba risasi huzuia injini kugonga. Mwaka 1924 wafanyakazi wa mtambo wa Standard Oil kule Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu hiyo, na mwaka uliofuata daktari Alice Hamilton alionya hadharani. Pombe ya miwa pia ilizuia kugonga. Muhoroni, jirani kabisa na Fort Ternan, ilitengeneza ethanoli iliyochanganywa na petroli ya Kenya miaka ya 1980. Haikulinda siti, lakini inathibitisha kwamba risasi haikuwa njia pekee. Hatia ni ya hao, na ingefaa wangedaiwa gharama za mafundi. Kutodaiwa kwao hakumhamishii mtoto deni.

Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuyauzia magari petroli hiyo, Julai 2021. Ndege ndogo za injini za pistoni bado zinaichoma duniani, na wenye ndege hizo wamekwisha kuonywa.